Rivasi ya Baba

Kwa muda mrefu nyumbani tuliamini kuwa pikapu ya baba ina ugonjwa wa rivasi. Gia nyingine zote ziliingia vizuri. Rivasi, ile ya kurudi nyuma, ndiyo iliyomtia jasho, kwa kuwa ilitaka uikandamize chini kwanza, kisha uivute kwako, ndipo uirudishe nyuma. Fundi wa Ukunda alifungua giaboksi, akaifunga, akasema haina kitu. Baba akasema fundi hajui kazi, na tukaliacha hapo.

Basi akaanza kuishi maisha ya kwenda mbele tu. Akiegesha sokoni Msambweni, pua ya gari ilitazama barabara. Akipeleka madafu Diani, alikuwa radhi kuizunguka hoteli nzima kuliko kurudi nyuma hatua mbili. Siku za Ijumaa wenzake wakitoka msikitini walimsukumia gari nyuma bila kuombwa, kanzu wamezikunja, wakimtania.

"Mzee, gari lako halijui kurudi! Kama bwana harusi aliyeoa Tanga!"

Baba alicheka nao. Mimi sikucheka, kwa sababu kaka yangu aliyeko Mombasa alikuwa keshampata mtu wa kuinunua ile pikapu.

"Wewe ndiye unayekaa naye," aliniambia kwa simu. "Mtazame vizuri. Ikiwa hawezi tena, niambie, tuiuze kabla hajaumia."

Gari mimi siendeshi, na kazi ya kumpeleleza mzazi wangu ilinikera. Nilikubali kwa hofu tu. Lakini nilijua vilevile kwamba bila pikapu baba angekuwa mtu wa kukaa barazani akingoja kuletewa uji, na asingeyaweza maisha hayo hata mwezi. Kwa hiyo kila alipotoka kwenda shambani nilipanda naye, nikajifanya nakwenda kutafuta kisamvu.

Asubuhi moja tulikuwa katika kile kichochoro cha kuelekea shambani, ua huku na ua huku, njia ya gari moja tu. Tulipokata kona tukaona kofia nyeupe nyingi zinakuja. Lilikuwa jeneza, linapelekwa makaburini. Kwetu jeneza halisimamishwi. Wabebaji hupokezana mabega huku miguu inakwenda, tena inakwenda kwa haraka.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema baba, akakanyaga klachi na kushika gia.

Haikuingia. Akajaribu tena, chuma kikakwaruza. Hapo nikautazama mkono wake wa kushoto, nikauona kwa mara ya kwanza ingawa nilikuwa nikiutazama kila siku. Vidole vilikumbatia gia lakini havikukandamiza. Nguvu ya kuisukuma chini havikuwa nayo. Rivasi haikuwa na ugonjwa wowote, na yule fundi tulimsema bure.

Wanaume wa mbele walikuwa wamekwisha kujibana kwenye ua, ila jeneza lisingepita. Hakuna aliyetupigia kelele. Baba hakunitazama.

"Imekataa," alisema.

"Kanyaga klachi, baba. Usiiachie."

Niliweka mkono wangu juu ya wake. Mimi nisiyejua kuendesha nilikuwa nimeitazama gia ile hata nikaijua njia yake. Tukakandamiza, tukavuta, tukarudisha. Iliingia laini, bila kukwaruza hata kidogo. Baba akageuza shingo, akarudi nyuma polepole, akanyoosha vizuri kabisa, hadi penye uwazi wa mlango wa nyumba ya watu. Jeneza likapita karibu na dirisha langu. Baba alizima gari, akashuka, akaingia chini ya jeneza kwa bega la kulia, akaenda nalo kidogo kisha akarudi anahema.

Tulimaliza kazi ya shamba. Nilikuwa na hasira, nasema kweli. Hasira na baba kwa kutuficha, na hasira na kaka kwa kuwa alikuwa amehisi sawasawa. Tuliposhika njia ya nyumbani baba aliuliza, macho yake barabarani:

"Kakako utamwambia nini?"

Nilidhani hajui kuwa nampeleleza. Kumbe alijua tangu siku ya kwanza ya kisamvu.

"Sijui, baba," nilimjibu, na kweli sikujua.

Tulipofika nilingoja auzunguke mnazi wa uani kama kawaida yake, ili pua ya gari itazame nje. Hakuuzunguka. Alikwenda moja kwa moja hadi gari likakaribia kugusa ukuta wa jikoni, akazima, akachomoa ufunguo. Mbele yetu palikuwa na ukuta, na hapakuwa na njia ya kutoka pale isipokuwa kurudi nyuma.

"Kesho tunatoka baada ya alfajiri," alisema akishuka. "Usije ukalala, mwanangu."

Jioni kaka alipopiga simu, nilimwambia rivasi inaingia.