Tundu la Pembe Tatu

Nilimchukia Hesbon Wanjala tangu siku aliyofungua kibanda chake cha kutengeneza spika za magari ubavuni mwa changu hapa Kitale, na sitajifanya mtakatifu sasa. Mimi nashona vifuniko vya viti vya magari. Kazi yangu inataka utulivu. Yake ilikuwa kelele, tena kelele moja ileile.

Kila spika aliyoitengeneza aliijaribu kwa sauti ya marehemu mama yake. Alikuwa amemrekodi kwa simu kule kwao Myanga, akibembeleza mtoto kwa Kibukusu, bila ngoma wala gitaa. Mafundi wengine hupiga muziki wa kishindo. Hesbon alisema kishindo huficha ubovu. Karatasi ya spika ikichanika hata kidogo, sauti nzito ya mtu ndiyo inayoutoa nje, inakwaruza. Basi yule mama aliimba mara arobaini kwa siku, miaka sita mfululizo. Nikifika nyumbani Matisi, bado anaimba kichwani mwangu.

"Si upunguze hiyo kitu, bana," nilimwambia.

"Nikipunguza sisikii, Mama Joan."

Alijibu bila kuinua kichwa. Hakuwahi kuinua kichwa. Chai yangu hakunywa, umbea wetu hakuutaka, siku nzima vidole gumba viwili juu ya karatasi, anabonyeza polepole, sikio limeinama. Maringo matupu!

Mwaka jana, asubuhi moja, alikwenda kununua gundi akaacha mezani spika ya Kizito, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Bungoma anayependa redio ya gari lake kuliko mkewe. Hesbon alikuwa ameshaijaribu, imebaki kufungwa tu mlangoni mwa gari. Nilichukua sindano yangu ya kushonea ngozi nikaidunga ile karatasi mara moja, pembeni, pale inapokutana na mpira. Nilidhani tundu dogo namna ile litampa aibu kidogo, basi.

Siku ya tatu nililiona gari la Kizito likiingia kwa kasi, nikajua. Sindano nikaitupa mtaroni kabla hajashuka.

"Umeniharibia spika makusudi ndio nirudi kwako tena!" Kizito alifoka. "Kabla uiguse ilikuwa afadhali. Hii inalia kama debe!"

Watu wakajaa, na Ndung'u, mwenyekiti wa safu yetu ya vibanda, akaja. Katika safu yetu, fundi anayeharibu kitu cha mteja makusudi hufungashwa virago siku hiyohiyo. Hesbon aliitoa spika mlangoni, akajifunika koti kichwani, akamulika tochi nyuma ya karatasi. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

"Tundu iko na pembe tatu," alisema. "Halafu imechanika kutoka kwa pembe moja. Bisibisi haiwezi toboa hivyo. Hiyo ni sindano ya ngozi, na hapa iko na mtu mmoja tu."

Wote wakanigeukia.

"Mimi? Sina sindano kama hiyo. Tafuteni!"

Wakapekua kikapu changu, wakakuta sindano za kawaida tu, za ncha ya mviringo.

"Ati sasa anasingizia mama wa watu," Ndung'u alisema.

Hesbon akaambiwa aondoke siku hiyohiyo. Alifunga waya zake, gundi yake, na simu yenye mama yake, akarudi Myanga. Nilitazama mgongo wake nikafurahi. Nilifurahi kweli.

Utulivu niliupata. Lakini ngozi haishoneki kwa sindano ya mviringo. Inakataa, sindano inavunjika, vidole vinatoka damu. Na nyingine ya pembe tatu ningeitoaje kikapuni mbele ya watu walionisikia nikiapa sina?

Wiki iliyopita Kizito alisimamisha gari mbele ya kibanda changu. Redio ilikuwa wazi. Alikuwa anaimba yule mama, sauti safi, hakuna mkwaruzo hata mmoja.

"Nilimfuata Myanga, akaitengeneza, akanipa na huu wimbo," Kizito alisema. "Hakuna fundi mwingine anasikia kama yeye. Sasa nataka vifuniko vya ngozi, viti vyote vitano. Na Hesbon amekutumia hii."

Alinipa kipande cha gazeti kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na sindano mpya ya ngozi, ya pembe tatu.

"Amesema yako ilipotea."

Kizito hakuondoka. Alisimama mikono kifuani, na Ndung'u naye akasogea kutazama ni nini. Vidole vyangu vinne vilikuwa na plasta. Nikaichukua ile sindano, ya aina niliyoapa sina, nikatia uzi mbele yao, nikaanza kushona.