Jaketi la Wanjohi: Safari ya Naivasha na Kurudi

Watu wa kwetu Dundori, mmeniuliza mara nyingi ilikuwaje, na kila mara nimewapa maneno mafupi: upepo ulivuma, ziwa likamchukua. Si uongo, ila kuna kipande nilikikata. Leo nawasimulia safari yote, kutoka Nakuru hadi Naivasha na kurudi, na kipande hicho nakirudisha mahali pake.

Sababu ya kuondoka ilikuwa majaketi sita ya kuelea. Miaka ile, Uhuru ukiwa bado mchanga, nilikuwa na kibanda cha kushona magodoro na maturubai mjini Nakuru. Jirani yangu alikuwa Kirpal, Kalasinga mwenye karakana ya mbao, na seremala wake mkuu alikuwa Wanjohi wa hapa hapa kwetu, niliyechunga naye ng'ombe tangu kila mmoja wetu akiwa na kaptura moja tu. Ndani ya ile karakana Kirpal alikuwa amejenga mashua ya tanga. Mashua, Nakuru, mahali ambapo maji tuliyonayo ni ziwa la magadi la kutazamia ndege! Watu walimcheka hadi wakachoka. Yeye alisema ikikamilika ataipeleka Mombasa, na kutoka Mombasa ataingia bahari kuu hadi Ushelisheli, yeye na Wanjohi na shemeji zake wawili.

Usidhani alikuwa mtu wa kucheza. Alikuwa na daftari, na ndani yake ameandika kila kitu cha siku ya hatari: boya la kurusha lenye kamba, filimbi kwa kila mtu, fataki za kuita msaada, ndoo za kutolea maji, sanduku la dawa, maji ya kunywa ya siku nyingi kuliko za safari. "Baharini hakuna duka, fundi," aliniambia. Majaketi ya kununua aliyaona hafifu, akaniletea mfano na maelezo. Sufi iingie kwenye mifuko ya nailoni, mdomo wa mfuko uzibwe kwa pasi ya moto, kisha mifuko ivishwe turubai. Akarudia mara mbili kwamba mfuko usitobolewe hata kidogo, kwa sababu sufi ikilowa hubeba maji badala ya kubeba mtu.

Nikashona. Nilipoinua jaketi la kwanza, sufi yote ilishuka chini, mabegani pakabaki patupu. Godoro la namna hiyo ukimpelekea mteja anakurudishia pamoja na matusi. Niliona haya. Basi nikafanya kama tufanyavyo magodoro: nikachukua sindano ndefu, nikapitisha uzi kutoka mbele hadi nyuma, nikafunga vifundo, kumi na viwili kila jaketi. Sufi ikatulia vizuri sana. Matundu ya sindano hayakunitisha. Nilikuwa nimeshona mahema yaliyokaa nje masika mazima kule Molo, na hakuna aliyelowa ndani, maana turubai na uzi wa pamba vikipata maji huvimba, tundu likajiziba lenyewe. Kwamba nailoni haivimbi, hilo halikunijia.

Kirpal aliona vifundo. Akavipapasa kwa kidole gumba, akauliza, "Hivi vimefika ndani?"

"La, bwana. Vimeshika turubai tu."

Sijui hadi leo kwa nini nilijibu hivyo. Nadhani sikutaka kuambiwa nifumue. Daftari lilitaka majaketi yafungiwe mawe, yaloweshwe kutwa kucha, lakini lori la kubebea mashua lilikuwa limepatikana kwa Jumamosi tu. Tuliyatia kwenye pipa la maji muda wa kunywa kikombe cha chai. Yakaelea kama mabata, tukafurahi. Kirpal akasema nije nao Naivasha, mashua ijaribiwe ziwani kabla ya kupelekwa Mombasa. Nami nilitaka kwenda. Nilitaka kazi yangu isifiwe nikiwa hapo hapo.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tulitoka Nakuru. Kirpal na dereva walikaa mbele, mimi na Wanjohi juu pamoja na mashua. Baridi ya Lanet ilitukata masikio, Wanjohi akavaa jaketi lake la kuelea kama koti. Nikamwambia atakufa kwa kiburi kabla ya kufa kwa maji. Naam, maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu.

Gilgil tulisimama dereva aangalie gurudumu, na watu wakatuzunguka mara moja. Mama mmoja muuza viazi alisimama mbele ya mashua, mikono kiunoni.

"Nyinyi mmeambiwa nini ambacho sisi hatujaambiwa?" akauliza. "Gharika inarudi?"

"Inarudi, mathe," Wanjohi akamjibu. "Leta mbuzi wawili, dume na jike, tukuwekee nafasi."

Watu wakacheka, na yule mama akatupa viazi vya kuchemsha. Tulivila hadi tukaliona ziwa la Naivasha kule chini. Hapo Wanjohi akaniambia kwamba hajui kuogelea. Nikamwambia nami sijui, na nani kwetu Dundori anajua, na ile mito yetu inavyouma kwa baridi? Akagonga kifua cha jaketi lake akasema, "Mimi sihofu. Hili limeshonwa na wewe."

Saa tatu tulifika ziwani. Mwenyeji wetu alikuwa Mzee Okumu, mlinzi wa mashua za watu, anayeishi pale ukingoni na mkewe. Alizunguka mashua ya Kirpal pole pole, akazisifu mbao zake, kisha akatuonya.

"Asubuhi ziwa hili hata mtoto atalivuka. Baada ya saa saba upepo hushuka kutoka kule mlimani, na hapo lina wenyewe."

Saa nne tuliingia majini sisi watatu, na Kirpal akaanza mazoezi ya hatari. Kila mtu alipewa kazi yake: akianguka mtu, mmoja asimwondolee macho hata kidogo na amrushie boya, mwingine ageuze mashua. Alitaka mtu aingie majini kweli, tujifunze kumtoa. Wanjohi akajitolea. Nilimfunga kamba za jaketi mwenyewe, akaziba pua kama mtoto anayenyweshwa dawa, akajitupa. Alielea. Kichwa na mabega vilikuwa nje kabisa, anacheka, anapuliza filimbi. Tulirudia mara tatu, na kila mara tulimpata upesi kuliko kwanza. Sijawahi kujisikia fundi kama asubuhi ile.

Adhuhuri tulikula ugali na samaki kwa Mzee Okumu. Wanjohi alitundika jaketi lake kwenye waya wa ua. Tukila niliona maji yakidondoka kutoka kwenye vifundo, tone moja, kisha jingine, wakati turubai lenyewe limeshaanza kukauka juani. Niliona vizuri. Nilijiambia ni maji ya nje tu, yatakwisha.

Saa nane Kirpal alitaka turudi ziwani. Mzee Okumu hakupenda. "Bwana, ungengoja kesho asubuhi," alisema.

"Mzee wangu, baharini sitachagua upepo," Kirpal akamjibu kwa upole. "Heri niujue leo, nchi kavu ikiwa karibu."

Wanjohi alichukua jaketi lake wayani. Yalikuwapo matano mengine makavu. Nilipokuwa nikimfunga kamba nililihisi zito mkononi, nikamwambia, "Chukua jingine, hili limelowa." Akakataa. "Hili limeshajaribiwa," alisema. "Hayo mengine nani anayajua?" Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia juu ya sindano. Kirpal alikuwa amesimama pale pale, hatua mbili. Ningesema, ningefumuliwa heshima mbele ya watu wawili, basi. Nikakaza kamba.

Tulikuwa mbali na ukingo upepo uliposhuka. Mashua ililala upande, Kirpal akapiga kelele tanga lishushwe, na Wanjohi akaenda mbele kulishusha. Tanga likampiga, akaanguka. Kila mmoja alifanya kazi yake kama tulivyojifunza. Mimi niliyepewa kazi ya kutomwondolea macho sikumwondolea. Kirpal aligeuza mashua, upepo ukaikataa, akageuza tena. Boya nililirusha mimi mara mbili. Upepo ukalibeba pembeni.

Mara ya kwanza nilipomwona, mabega yake yalikuwa nje. Kisha shingo. Kisha uso tu, ameuinua juu. Hakuwa akihangaika, alikuwa ameshika kifua cha jaketi kwa mikono miwili, ananitazama mimi, anangoja lifanye kazi yake. Alipuliza filimbi mara moja. Tulipofika pale hapakuwa na kitu.

Jumapili asubuhi Mzee Okumu alimpata kwenye mafunjo. Kirpal alikuwa ameitwa polisi kuandikisha maneno, kwa hiyo tulikuwa wawili tu tuliomvua jaketi. Mzee aliliminya kwa mikono yote miwili, na maji yakatoka kwenye vifundo, vyote kumi na viwili. Akanitazama vidole vyangu, vilivyojaa sugu za sindano. Alilikunja lile jaketi, akanikabidhi, akaenda kumwambia mkewe awashe moto.

Jumatatu lori lile lile lilikuja tena kutuchukua sisi na mashua. Nilikaa juu tena, na Wanjohi kando yangu kwenye sanduku alilotengenezewa kwa mbao za Naivasha. Gilgil yule mama wa viazi alituinulia mkono kutoka mbali akicheka, hajui. Niliinamisha kichwa. Nakuru hatukusimama, tulipanda moja kwa moja hadi Dundori.

Mlikuwapo mazishini, kwa hiyo hayo siyasimulii. Ila hamkusikia aliloniambia mama yake Wanjohi. Alinishika mkono, akaniambia, "Asante, Joram. Ziwani wengine hawaonekani tena. Jaketi lako limenirudishia mwanangu nimzike." Akanimiminia chai. Nikainywa.

Wiki moja baadaye, Nakuru, Kirpal alikuja kibandani na daftari lake. Alikuwa amelipitia mstari kwa mstari, hakulala. Aliuliza, "Fundi, nakuuliza kama ndugu. Vile vifundo vilifika ndani?"

"La, bwana," nikasema, mara ya pili.

Akatikisa kichwa. "Basi ni mimi. Nilichelewa kugeuza." Mjini walishasema hivyo hivyo, kwamba Kalasinga amemuua mtu kwa ndoto zake. Aliipasua ile mashua kwa mikono yake, akafunga karakana, akahama na jamaa yake. Wapi, sijui. Nimeuliza, sijapata wa kunijibu. Mzigo ule si wake, nami nilimwona akiubeba hadi kwenye gari nikampungia mkono.

Nilichojifunza ni kidogo ukikilinganisha na nilichokilipia. Anayekwenda majini, jaketi lake alifungie jiwe, aliloweshe kutwa kucha, halafu ndipo alisifu. Na akimwuliza fundi swali, fundi ajibu. Haya nawaambia wote wanaokuja kibandani, na wengine hushangaa mshona magodoro anajuaje mambo ya bahari.

Juzi mama yake Wanjohi alinitumia ujumbe: godoro lake limeshuka katikati, na hataki fundi mwingine, anataka mimi. Jumapili hii nitapanda Dundori na karatasi hizi, na lile jaketi, ambalo nimeliweka miaka yote hii. Nitamsomea kabla ya kugusa godoro, na sindano itabaki mfukoni hadi nimalize. Akisema niondoke, nitaondoka, na godoro atashonewa na mwingine.

Kama haya yamewafikia, basi yeye ameshayasikia.