Ngome Yangu Sebuleni kwa Baba Mkwe

Mpaka leo shangazi zake mume wangu wakija hapa Kawetele, Tukuyu, natafuta kazi ya mbali na nyumba, na ninyi mnaoniona mpole hivi msidhani nilizaliwa mpole, ni aibu ndiyo iliyonifundisha.

Kwetu ni Mbeya mjini. Nikaolewa huku na Ambokile, na kwao bado wanashika mila kwamba mke wa kijana haonani uso kwa uso na baba mkwe. Akitokea yeye, mimi nageukia pengine. Shangazi walishasema siku ileile ya harusi, "Huyu wa mjini hataweza." Iliniuma. Nikajiapiza nitaweza, maana nilitaka pale pawe kwangu kweli, nisikae kama mpangaji.

Sasa mzee huyo, ambaye Ambokile humwita Tata, anapenda chesi (aliijulia kazini, kwenye mashamba ya chai), na mimi nimeicheza tangu sekondari. Ambokile, ambaye hata farasi anavyoruka hajui vizuri, akatoa wazo tucheze kupitia ukuta: mzee sebuleni na ubao wake, mimi jikoni na wangu juu ya ndoo, yeye katikati anapeleka habari. Mzee hakuwahi kuniita mkwe wake, aliuliza tu, "Mkeo kachezaje?" Ikawa raha yetu ya Jumapili.

Jumapili moja shangazi wawili walikuwepo, mvua inanyesha kama kawaida ya Tukuyu, nami namenya ndizi. Mzee akaanza na askari wa mbele ya malkia, nikamzuia na wa kwangu, askari wakalana pale katikati mpaka safu iliyo jirani na malkia ikabaki tupu, haina askari wa mtu. Mnaocheza mnajua utamu wake: ukiweka ngome pale inashuka bila kizuizi mpaka nyumbani kwa mwenzio. Nikamtuma Ambokile, "Ngome, safu iliyo wazi, iteremke mpaka mlangoni kwa mzee." Mara nasikia mzee anacheka, "Mbona mkeo ananipa ngome bure?" Kumbe Ambokile kaiweka safu ya pembeni!

Ningemwita tu mume wangu, basi. Badala yake nikainuka na kisu mkononi (kisu, jamani!), vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi, kanga nimeiacha kwenye kigoda, nikaingia sebuleni na kuinyakua ngome. "Hapa! Nilisema hapa!"

Nikainua macho, nikamwona baba mkwe anavuta kofia kufunika uso. "Yesu wangu!" shangazi mkubwa akapiga kelele, nami katika kurudi kinyumenyume nikakanyaga sinia, chai ikamwagika, nikajishika kwenye meza na kete zote zikaenda chini. Nilikimbilia migombani nikalia huko na mvua yangu, najua imekwisha, sasa watasema si tulisema.

Ambokile akanifuata. "Rudi jikoni. Tata kapanga kete upya. Anasema ngome iko pale ulipoitaka, na yeye keshacheza."

Nikarudi kwenye ndoo yangu. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi, mzee kageuza kiti, namwona kisogo tu. Tukaendelea, na mimi, kwa haraka ya kutaka angalau nishinde, nikaona askari wake mmoja wa pembeni hana mlinzi, nikaitoa ngome kwenye ile safu nikamla. Mzee hakufikiri sana. Akaipitisha ngome yake kwenye safu ileile niliyoihangaikia, ikapanda moja kwa moja hadi kwa mfalme wangu, aliyejibana nyuma ya askari wake mwenyewe, hana pa kutokea. Nimeshindwa.

"Ambokile," akasema, kwa sauti ya kusikika na dada zake, "mwambie mkwe wangu njia kaifungua yeye, halafu kaiacha. Nimepita mimi."

Mkwe wangu! Shangazi wakatazamana.

Nililia tena, lakini safari hii nilikuwa namenya ndizi huku nalia. Na nimeapa: hata Ambokile akimgawa malkia wangu bure, jikoni sitoki.