Nduru Niliyoipiga Kwenye Mbaazi

Wakija watu wa semina kuuliza kwa nini wakulima na wenye ngamia wanauana huku kwetu Kitui, wanaandika "ukame" wanaenda zao. Ukame gani? Ukame ulikuwepo nyanya yangu akiwa msichana. Nimechoka kusikia mvua ikisingiziwa.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya malisho alikuwa pia mzee wa kanisa. Jumapili moja alisimama mbele ya waumini akanguruma, "Wageni wanatumaliza! Vijana mko wapi?" Tukampigia makofi. Hata mimi, mjinga mimi, nilipiga.

Jumatano asubuhi nikakuta ngamia kwenye mbaazi zangu, wanavunja matawi. Mfugaji, mzee mwenye ndevu za hina, alikuwa anahangaika kuwatoa na fimbo yake. "Pole mama," akaniambia. "Mwenyekiti wenu alichukua kitu kidogo, akaturuhusu tupite hadi mtoni. Hawa wamenishinda tu." Nilimsikia vizuri. Niliona kwa macho yangu kwamba anawatoa. Lakini hasira ya Jumapili ilikuwa imenifika hapa kooni, nikapiga nduru.

Kwetu Ukambani nduru haiulizwi maswali. Ukiisikia unatupa jembe, unashika upinde, unakimbia. Ndugu yangu, kitinda mimba wa mama, alifika wa kwanza. Akaona mzee amesimama karibu nami na fimbo mkononi, akavuta upinde. Nilikuwa bado nafungua mdomo kumwambia aache. Mzee alifia palepale. Jioni wenzake wakaja na bunduki, na ndugu yangu tukamzika wiki iliyofuata.

Mwenyekiti alikuja mazishini. Shenzi yule! Akashika maiki, akatuambia damu ya shujaa wetu haitaenda bure, na vijana wakaanza kunong'ona kuhusu mishale. Nilitaka kumrukia, niwaambie watu wote ni nani aliyewafungulia ngamia njia, na alipewa nini. Nikabaki nimekalia kiti. Ningesema niliyoambiwa na yule mzee, ningelazimika kusema pia alikuwa anafanya nini aliponiambia.

Vijana walienda. Wakarudi wamepungua wawili.

Mwenyekiti namchukia mpaka kesho. Lakini mama, kila mgeni akija, humwambia mwanawe alikufa akiniokoa mimi. Nami hukaa hapo kando yake, nikaitikia, "Ndiyo, mama."