Bugari Nilipaka ku Shasi ya Gari ya Mutoto Wangu

Ninyi munapoteaka wapi? Wiki mbili yote page hii imelala kama nyumba yenye wenyewe walihama. Jirani yangu ananisomeaka visa vya hapa mangaribi, tukishamaliza kupika. Kisa ya bibi na bwana munajaza maneno mpaka simu yake inapata moto. Ya ule muzee watoto wake walimufukuza, mulipita kimya kama hamukuona. Leo mumeingia. Sawa, muikae chini. Ni zamu yangu, na sina wakati mingi.

Admin, mutoto wangu, andika vile nasema mu vocal, hii sauti nakutumia, usinipambie. Jina yangu ufiche.

Mi ni mwanamuke wa Bukavu, miaka inapita sabini, mingapi zaidi anajua aliyenizaa. Shule sikuingia hata siku moja. Nilizaa wanaume wawili. Wa kwanza udongo ilimufunika mu shimo ya zahabu, hata maiti hawakuniletea. Nilibakia na huyu mudogo.

Huyu anajua kuchomelea chuma. Kazi ilipokauka, akapata gari moja ya kubeba watu, yenye ilianguka ku njia ya Mumosho, aitengeneze aiuzishe. Waliivuta mpaka mu parcelle yangu, hapa ku kiwanja ya nyumba, mbele imeingia ndani kama uso ya mutu alipigwa ngumi. Miezi mine tukaishi nayo. Alifunga munyororo ku muti wa nyuma ya jikoni, akavuta shasi, ile chuma ya chini yenye inabeba gari yote, pole pole mpaka ikanyooka. Mi nilikuwa nasugua mastic, ile dawa ya kuziba mashimo ya bati, na karatasi ya musasa mpaka vidole vinatoka damu, juu namupenda. Siku alipaka rangi nilipiga vigelegele. Gari iling'aa kama sahani ya harusi.

Lakini nilikuwa nimeona kitu. Chini, upande wa kushoto, shasi ilikuwa na ufa. Aliichomelea, akapaka rangi nyeusi juu. Gari mi sijui. Ila ufa, mutu wa Bukavu anajua. Nyumba zetu ziko ku mulima, udongo inatembea, kila mvua tunaangalia ukuta. Mama yangu alinifundisha: ukitaka kujua kama ufa ingali inatembea, paka juu yake kitu yenye inakauka, halafu ungoje. Njo pale nikakamata bugari, ugali ya mihogo, nikapaka kidogo pale alichomelea. Nikapaka ingine upande wa kuume, pale chuma haikuvunjika, nisije nikamusingizia mutoto wangu mwenyewe. Ikakauka ngumu. Mutoto wangu akatembeza gari mpaka Nyawera, akarudi.

Nikalala chini ya ile gari, mifupa inalia, mafuta inanitonea mu kitambaa ya kichwa. Bugari ya kuume ilikuwa nzima. Ya kushoto ilipasuka katikati.

Nikamuambia mutoto wangu: "Papa, kidonda yako haijapona. Iko natembea."

Akacheka. "Maman, unapima gari na bugari? Sasa magaraji yote ya Bukavu yanunue mihogo?"

"Cheka. Lakini ingia chini uangalie."

Aliingia. Alikawia kule. Alipotoka hakukuwa anacheka tena. "Itashika, maman. Itashika. Usiseme kitu."

Mwenye anataka kununua ile gari ni papa mumoja tunasali naye mu shirika ya kanisa. Anataka kubeba wamama wa Mumosho kila asubui mpaka soko ya Nyawera, wao na tomate zao, na watoto ku mugongo. Alinishika mikono mbili: "Maman, mi sitauliza fundi. Wewe ulikuwa hapa kila siku. Kesho kisha misa nitakuja. Ukisema gari iko muzima, naichukua."

Mutoto wangu akaningoja mpaka ule papa atoke. "Shasi ingine sina, na nguvu yangu yote iliishia hapa. Gari isipoenda kesho, nafunga mufuko, naenda kule mukubwa wangu alienda."

Mu shimo! Akasema vile akiniangalia mu macho, mutoto nilinyonyesha! Nikamupiga kofi. Mwanaume wa miaka makumi ine, nikamupiga kofi. Kisha nikamukumbatia, tukalia wote wawili pale ku mulango ya gari.

Sasa niko ndani ya gari, simu ya jirani yangu mu mukono. Tangu asubui nimeikaa ku kiti ya mbele, milango nimefunga, funguo iko mu kikwembe nimejifunga. Misa imeisha, nasikia watu wanapanda mulima. Mutoto wangu amesimama inje, mufuko ku bega.

"Maman, shuka."

"Sishuki."

"Unaniaibisha mbele ya watu."

"Afazali nikuaibishe ungali muzima."

Musiniulize kama nitasema ukweli. Nitasema. Ule papa akiingia nitamuonesha bugari yangu. Siwezi kuacha wamama waingie mu muto ya Ruzizi na watoto wao sababu ya mutoto wangu. Ile sio kitu nauliza. Nauliza hivi: mwanaume mukubwa, mama yake anamushika na nini asiende mu shimo? Funguo ya gari nimeificha. Miguu yake je, niifiche wapi? Nishaurini, watoto wangu, nifanye nini?

Huyo papa amefika, portail, geti ya inje, inabishwa. Abishe kidogo, sijamaliza.

Mukirudi hapa, musiniletee "pole maman" na zile picha zenu za roho nyekundu. Mutu aje na kazi ya kuchomelea, amupe admin. Mulango, dirisha, kitanda ya chuma, kitu yenye haitembei ku barabara na watu ndani. Ile portail inabishwa, ni mutoto wangu aliichomelea wakati mukubwa wake angali hai. Nilipaka bugari pale pia. Ingali nzima.