Sanduku la Mama

Mama aliyenizaa simkumbuki. Alifariki nikiwa bado nanyonya, na dada yake, yaani mama mkubwa, akanichukua, akanilea hapa Msamala pamoja na wanawe wawili wa kiume. Lile neno "mkubwa" lilidondoka zamani, wala sijui lilidondokea wapi. Yeye ni mama, basi. Akija mgeni alikuwa akisema, "Huyu ndiye binti yangu. Hao wengine madume tu, hata kuosha chombo hawajui." Na mimi najidai kwelikweli.

Mwaka jana ukoo ulipopanga kukutana Maposeni baada ya mavuno, nikapewa kazi ya kutengeneza programu ya kuonyesha uzao wote wa bibi. Si mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta? Nikakubali kwa mbwembwe.

Kazi yenyewe iko hivi. Taarifa za watu huja bapa: kila mtu na mstari wake, jina lake na jina la mzazi wake, hakuna zaidi. Lakini kwenye skrini unataka kumwona bibi kama sanduku kubwa, ndani yake masanduku ya watoto wake, ndani ya hayo masanduku ya wajukuu, mpaka chini kabisa, kama masufuria ya dukani yanavyopangwa, dogo ndani ya kubwa. Programu inamchukua mtu mmoja mmoja, inamtafuta mzazi wake, inamtumbukiza humo. Ukimpa mzazi wa kumzaa na wa kumlea, inamtumbukiza mara mbili, na hesabu ya ukoo inaharibika.

Sasa kwetu nani hajalelewa na shangazi au mjomba? Taarifa zikaanza kuingia kwenye grupu la ukoo, vurugu tupu: huyu kamwandika baba mdogo, yule kamwandika bibi mwenyewe kuwa ndiye mama yake. Mori ukanipanda. Nikaandika kwa herufi kubwa: ANDIKENI ALIYEWAZAA, SI ALIYEWALEA. SITAKI LONGOLONGO. Binamu mmoja akajibu, "Dada, kuzaa si kazi, kazi ni kulea." Nikamwambia aende akaiambie kompyuta.

Nilipofika kwenye mstari wangu mwenyewe nilisita. Sanduku la marehemu mama lilikuwa tupu, hakuacha mwingine. Nikamwonea huruma, jamani. Dunia nzima hana wa kuonyesha kwamba alipita ila mimi. Nikaandika jina lake, programu ikanitumbukiza humo, nikalia kidogo, nikaendelea na kazi. Aliyenilea hakunijia hata akilini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Kule Maposeni tulifunga mapazia sebuleni kwa mjomba, tukatundika shuka jeupe ukutani, tukawasha projekta. Watu na vikombe vyao vya togwa, kila mmoja anapiga kelele, "Fungua la kwangu!" Nagusa, sanduku linafunguka, vigelegele. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa na kitenge kipya.

"Sasa la kwangu, binti yangu," akasema, huku akimgusa aliyeketi naye ili atazame vizuri.

Nikagusa. Wakatokea kaka zangu wawili. Mama akangoja.

"Fungua lote."

"Limefunguka lote, mama."

"Mbona wewe sikuoni?"

Mjomba, kwa nia njema tu, akadakia, "Huyo si yuko kwa marehemu?" Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ehee. Kweli," akasema. Akaomba aongezewe togwa.

Kesho yake niliirekebisha. Kumbe ilikuwa kazi ndogo tu! Pale pa mzazi, programu ikubali majina zaidi ya moja. Na kwenye kuhesabu, aliyekwisha kuhesabiwa arukwe. Nikaonekana kwa mama wote wawili, na hesabu haikuharibika hata chembe. Ningeweza kufanya hivyo tangu mwanzo, lakini kiburi kilinijaa.

Tuliporudi Msamala nikampelekea kompyuta uani, alikokuwa anapukuchua mahindi. "Mama, ona, niko kwako."

Akatazama kidogo. "Hongera kwa kazi," akasema. "Lakini ulivyoandika mwanzo ndivyo ilivyo. Usimnyang'anye mwenzangu."

Nikamwambia simnyang'anyi mtu, niko kotekote. Akavuta hindi lingine.

Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia! Ananipikia dagaa wa Nyasa kama zamani, nikichelewa kurudi ananigombeza. Nami nikajipa moyo kwamba yamekwisha.

Juzi jumuiya ya kanisani ilisali nyumbani kwetu, akaja mama mmoja mgeni, mwalimu aliyehamia kutoka mkoa mwingine. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza huyu dada ni nani hapa nyumbani. Nikatabasamu kabisa, nikisubiri yale ya madume wasiojua kuosha vyombo.

Mama akanishika bega. "Huyu," akasema, "ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mimi nimemlea tu."