Mgeni Hajaaga

Chumba cha marehemu wazazi wetu, hapa Kamenge, nilimpangishia mgeni anayefanya kazi kwa kompyuta, bosi wake akiwa Ulaya. Mimi niliacha shule ili wadogo zangu watatu wasome, na kodi yake ndiyo iliyowaweka darasani. Viza yake ilipokaribia kuisha, nilikwenda naye uhamiaji, kwa kuwa kwetu mwenye nyumba ndiye humsemea mgeni.

"Viza ya utalii tumeshamuongezea," afisa akasema. "Ya kazi inataka bosi wa hapa. Huyu bosi yake iko mbali, mi nimuandike wapi?"

"Hakuna njia ingine, shefu?"

"Iko. Akuoe, dada!"

Watu kwenye foleni wakacheka.

"Mi niko na watoto watatu tayari," nikamjibu. "Sitaki wa nne."

Hata yeye alicheka, lakini alirudisha pasipoti vilevile. Mgeni alitakiwa atoke nchini, aombe upya akiwa nje, na huenda asipewe.

Asubuhi ya safari, wadogo zangu walivaa viatu wamsindikize hadi kwenye basi, kama mgeni yeyote anavyosindikizwa. Niliwazuia mlangoni.

"We dada, mgeni anaenda peke yake?" jirani akashangaa. "Haya hauna?"

"Tunasindikiza mutu mwenye kuaga," nikamwambia. "Huyu hajaaga. Anarudi."

Mgeni alivuta begi lake hadi akapinda kona, nami nikabaki nimemshika mkono mdogo wetu wa mwisho, nikiukaza bila kujua, hadi akalia.